Barua kwa Mama Neema: Tushukie Mbeya, Tulale, Twende Nane Nane

Tabata, Dar es Salaam
16 Julai 2023

Mpendwa Mama Neema,

Nimeipata barua yako, na nimefarijika sana kusikia kwamba Baba Neema amepata nafuu na kwamba mpunga umeshaingia ghalani. Sisi huku hatujambo. Nakujibu bila kukawia kwa sababu safari yetu ya Tukuyu kwenda kumwona Mwalimu aliyetufundisha inakaribia, na pendekezo lako kwamba tupitie kwanza Nane Nane, maonyesho ya wakulima, ya Morogoro limenifanya niipange upya safari nzima tangu mwanzo.

Ni kweli kwamba Morogoro ni karibu nawe huko Ifakara na ndiyo kanda yenu. Hata hivyo, ukienda Morogoro utalazimika kurudi nyuma kisha uanze tena kuitafuta Mbeya, ilhali maonyesho ya kitaifa mwaka huu yanafanyika hukohuko Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale, kama ilivyokuwa mwaka jana. Yanapokuwa ya kitaifa, taasisi hazileti tu mambo ya Nyanda za Juu Kusini; vituo vya utafiti vya kanda nyingine navyo huja na mbegu zao na wataalamu wao. Kwa mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero hilo ni jambo kubwa, kwa sababu utaweza kusimama mbele ya watu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanaoshughulika na mpunga, halafu hatua chache mbele ukatazame mpunga wa Mbarali na wa Kyela katika mabanda ya halmashauri zao. Kwa hiyo nakusihi tuufanye mji wa Mbeya kuwa kituo chetu cha kulala, badala ya kuupita tu tukikimbilia magari ya Tukuyu.

Nimepanga hivi. Nitapanda treni ya TAZARA hapa Dar siku ya Ijumaa, tarehe 4 Agosti, alasiri, nawe utapandia Ifakara usiku huohuo. Nitakwenda mwenyewe stesheni, pale jirani na daraja la Mfugale, kukata tiketi zetu mbili kwa pamoja, ili tuwe katika chumba kimoja, hata kama itanibidi nilipie kitanda chako kuanzia Dar. Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba na la pili lina sita, na kwa kuwa wanawake hupangwa peke yao na wanaume peke yao, tutalala bila wasiwasi. Mimi naona tuchukue la kwanza. Tofauti ya nauli si ya kututia umaskini, na tutahitaji kuamka tukiwa na nguvu. Naomba tu Baba Neema akusindikize hadi stesheni na asiondoke mpaka akuone umeingia ndani ya behewa, maana treni inaweza kuchelewa na sitaki ukae pale peke yako usiku wa manane. Nitasimama dirishani.

Baada ya Mlimba reli inaanza kupanda milima kuelekea Makambako, na hiyo ndiyo sehemu iliyowapa wajenzi kazi kubwa kuliko zote miaka ya sabini, kwa mahandaki na madaraja yake. Pengine tutaipita tumelala. Lakini alfajiri baridi itatuamsha, nawe uliyezoea joto la bondeni usiidharau: chukua sweta nzito, soksi na vitenge viwili vya kujifunika, kwa sababu Mbeya iko juu sana, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Agosti huko bado ni msimu wa baridi. Kwa kawaida treni hufika Mbeya Jumamosi mchana au alasiri. Stesheni iko upande wa Iyunga, magharibi mwa mji, na viwanja vya maonyesho viko upande wa pili, ukielekea Uyole. Ndiyo sababu nataka tutafute nyumba ya wageni upande huohuo wa Uyole tangu jioni ya kwanza. Tutakuwa karibu na viwanja, na pia karibu na njia panda ya barabara ya Tukuyu, kwa hiyo hatutavuka mji mara mbili na mizigo.

Jumapili, tarehe 6, yote ni ya maonyesho. Nimeichagua kwa makusudi. Treni hata ikichelewa kwa saa nyingi siku ya Jumamosi, Jumapili yetu haitaguswa. Tena siku ya kilele, yaani Jumanne tarehe 8, ina heshima yake na hotuba zake, na mwaka jana ndiyo siku ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea palepale uwanjani. Lakini umati wa siku hiyo haumpi mkulima nafasi ya kuuliza swali na kujibiwa kwa utulivu. Mimi sitaki twende kutazama tu. Nataka tukae na mtaalamu, umweleze shamba lako lilivyo, maji yanapoingia na yanapotoka, naye akueleze.

Nianze na vipando, yaani mazao yaliyooteshwa viwanjani kwa mfano, kwa sababu hapo ndipo penye elimu yenyewe. Mbegu iliyo ndani ya mfuko haikuambii chochote, bali mmea uliosimama ardhini unajieleza. Tuvipitie asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya watu kuwa wengi. Kisha uende TARI uulizie kuhusu SARO 5, mbegu ya mpunga unayoilima: kama ipo mbegu nyingine inayoweza kufaa zaidi kwenye lile jaruba la chini linalotuamisha maji, na kama mbegu uliyojiwekea mwenyewe kutoka mavuno yaliyopita bado inastahili kupandwa. Kwa TOSCI, wadhibiti wa ubora wa mbegu, waombe wakuonyeshe kwa vitendo namna ya kuhakiki lebo ya mfuko kwa simu, maana uliniandikia kuhusu jirani yako aliyeuziwa mbegu isiyoota, na jambo hilo liliniuma sana. Kwenye mbolea, uliza taratibu za usajili wa mkulima kwa msimu ujao, ukiwa na maelezo yako yote mkononi.

Kuhusu mashine ya kupura, tutapita kwa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo, na kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo. Usinunue siku hiyohiyo, hata ukipewa bei nzuri ya maonyesho, mpaka umejua vipuri vyake vinapatikana wapi karibu na Ifakara. Ushauri huu nausisitiza, kwa kuwa fedha hiyo ni jasho lako la msimu mzima.

Jumatatu asubuhi tutapanda Coaster pale Uyole hadi Tukuyu, na kabla ya mchana tutakuwa kwa Mwalimu. Nadhani atafurahi kusikia tulipotoka, kwani ndiye aliyetuambia darasani kwamba John Mwakangale, ambaye viwanja vile vina jina lake, alikuwa mwanasiasa wa TANU aliyekutana na Nelson Mandela Mbeya mwaka 1962, Mandela alipokuwa njiani kutafuta msaada wa harakati zao za ukombozi wa Afrika Kusini. Tumpelekee picha za viwanja hivyo. Kurudi ni rahisi: tutachukua pamoja basi la barabara kuu; wewe utashuka Mikumi uchukue la Ifakara, nami nitaendelea na lile la kwanza hadi Dar.

Naomba unijibu kabla ya tarehe 24 Julai ili niwahi vitanda vya chumba kimoja. Niambie pia kama Neema atakuja nawe, nijue ni vitanda viwili au vitatu. Msalimie Baba Neema na wote wa nyumbani.

Wako akupendaye,
Mama Salma