Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: kikao cha intaneti kije Mtwara

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na salamu kutoka Newala. Nakuandikia kuhusu vikao vinavyoamua mambo ya intaneti, maana huku kusini huwa tunavisikia vikiwa vimeshakwisha.

Siku hizi korosho zetu zinauzwa kwa mnada wa kidijitali, kupitia mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, macho kwenye skrini, bei ikipanda watu wanapiga vigelegele. Mtandao ukigoma, wote tunageuka kumtazama katibu wa chama cha msingi kana kwamba ndiye kauzima. Masikini, hana hili wala lile. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata wenye simu za bei mbaya kule Masaki walikuwa sawa na sisi.

Sasa, mambo haya anayaamua nani? Si serikali moja. Mwaka 1969, wakati mtandao wa ARPANET ukijengwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Los Angeles, Steve Crocker, aliandika waraka wa kwanza wa jinsi kompyuta zitakavyoongea. Hakutoa amri, aliomba maoni. Nyaraka za namna hiyo zinatolewa hadi leo. Orodha ya namba na majina ya intaneti, yanayotambulisha kompyuta na tovuti, ilikaa miaka mingi mikononi mwa mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Jon Postel, karibu peke yake. Mwaka 1998 ikaundwa ICANN, taasisi ya kusimamia orodha hiyo, nayo Marekani ikaishikilia kwa mkataba hadi 2016. Afrika tunagawiwa namba hizo, yaani anwani za intaneti, na shirika la AFRINIC la Mauritius, ambalo kesi za mahakamani zililiacha miaka kadhaa bila bodi ya kufanya maamuzi. Waafrika wangapi walijua?

Mheshimiwa, utaratibu huu humsikiliza aliyefika na kusema. Mwaka 2025 jukwaa la Afrika la utawala wa intaneti lilifanyika Dar es Salaam. Vizuri sana, lakini kwa mtu wa Newala hiyo ni safari ya basi kutwa nzima, kisha unakutana na Kiingereza mlangoni.

Ninachoomba ni kikao cha kitaifa kije Mtwara mjini, kwa Kiswahili, na waalikwe makatibu wa AMCOS (vyama vya msingi vya wakulima), wavuvi wa Kilwa na mafundi simu wa Masasi. Hoja ya kwanza ninayo tayari: Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data, TIX, tangu 2004. Sisi cha karibu tutakipata lini, ili mawasiliano ya Masasi na Newala yasizunguke mbali bila sababu?

Tarehe panga wewe, ila isiwe Oktoba wala Novemba. Huo ni msimu, hutampata mtu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa korosho, Newala