Barua kwa mwanangu anayeanza kufundisha cherehani parokiani

Mwanangu Upendo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kumbe parokia imekukabidhi darasa la ushonaji la akina mama hapo Moshi! Siku ya kufunga darasa utamsikia padri akimtaja Dorkasi wa Matendo ya Mitume sura ya 9, aliyewashonea wajane wa Yafa. Sawa kabisa. Ila wewe anza na Mithali 31:24, maana mwanamke wa pale anashona nguo na kuziuza. Madarasa mengi ya kanisa yanafundisha kushona, kuuza wanamwachia Mungu.

Kosa linaanzia kwenye kitambaa cha msaada. Mama anayeshonea kitambaa cha bure, uzi wa bure na cherehani ya parokia anahitimu bila kujua sketi moja inakula shilingi ngapi. Kwa mazoezi, kila mmoja akanunue shuka la mtumba sokoni, na bei aiandike daftarini siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza wasishone kitu. Waondoe mkanda kwenye gurudumu, wakanyage tu, mpaka miguu izoee kulizungusha kuelekea kwa mshonaji. Likirudi nyuma uzi unajifunga chini, na mama mgeni atadhani cherehani ni mbovu. Wakianza kutia uzi, mguu wa kubania kitambaa uwe juu, maana ukiwa chini visahani vya kukazia vimefumba na uzi unapita pembeni. Hapo mshono utatoa vitanzi upande wa chini, na kila mtu atalaumu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kumbe shida iko juu. Cherehani ikiruka mishono, tazama sindano kwanza: mfereji wake mrefu uelekee upande ambao uzi unaingilia. Namba 14 inatosha sare, 16 iwe ya jinzi. Na mafuta ya kula yasiguse cherehani hata siku moja, yanaganda kama gundi.

Kazi ya kwanza ya kuwalipa ni sare za shule, kwa kuwa Januari haimkosi mzazi. Kwenye sketi ya malinda ndipo wengi wanapoharibu, wanapiga hesabu kwa kiuno. Pima hipsi. Mtoto wa hipsi 84 mwongezee 4 za kupumulia, iwe 88. Malinda 22 ya sentimita 4 yanatimiza hiyo 88, na kila linda pamoja na mikunjo yake linakula 12 za kitambaa, kwa hiyo mzunguko wote ni sentimita 264. Kitambaa cha upana wa 150 kata vipande viwili. Urefu ukiwa 60, weka upindo wa 6 na 2 za kiunoni, jumla 68. Vipande viwili ni 136. Mita moja na nusu inatosha, na zile 14 zinazobaki zinatoa mkanda. Kisha kaza kila linda sentimita 1 kwa juu, 88 ishuke hadi 66, nayo inamkaa mtoto wa kiuno 64. Upindo usipunguzwe kwa kubana kitambaa, mtoto anarefuka kabla ya Desemba. Kitambaa cha pamba kilowekwe, kikauke na kupigwa pasi kabla ya mkasi, kisije kikarudi baada ya kufuliwa.

Sasa bei. Tuseme kitambaa ni 9,000, zipu, kifungo na uzi 1,500, mkaa wa pasi na nauli 1,000. Tayari ni 11,500. Akiiuza 13,000 baada ya kukaa saa nne, amejilipa 1,500, na humo bado hajaweka ya sindano wala ya fundi wa kutengeneza cherehani. Wafanye hesabu hii kila Ijumaa, kwa sketi waliyoshona wenyewe.

Jambo jingine, ambalo watu wa kanisa hawapendi kulisema: wateja wao wa kwanza ni wanakwaya na WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na hao ndio wanaosema "nitakupa Jumapili". Wafundishe kuomba kianzio kinachofikia gharama ya kitambaa kabla ya mkasi kugusa kitu. Kwa sare ya kikundi wachukue vipimo vya kila mtu, wasikubali kuambiwa "mimi ni saizi ya yule".

Wakihitimu hawana cherehani. Wakae katika vikundi, na wakishasajiliwa waende halmashauri: katika asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo, 4 ni za wanawake, na mikopo hiyo haina riba. Aliyeiva katika ufundi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti, hata kama hakusoma chuoni.

Nimekufungia sindano ishirini za namba 14 na futi mbili za kupimia. Hizo futi zilinganishe na rula kwanza, za plastiki huvutika.

Mama yako