Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: mikutano ya wazazi ifuate mwezi

Ndugu Afisa Elimu wa halmashauri yetu,

YAH: WATOTO WA AWALI KURUHUSIWA BILA WAZAZI KUJULISHWA

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanika dagaa katika mwalo mmoja wa mkoa huu wa Mwanza, na kitinda mimba wangu yuko darasa la awali. Nimekuandikia mara mbili kupitia ofisi ya mtaa bila kujibiwa. Hii ya tatu naiandika mbele ya watu wote kwa sababu ya yaliyonipata Jumanne iliyopita.

Siku hiyo mwalimu wa awali aliitwa kwenye kikao, watoto wakaruhusiwa saa tatu na nusu asubuhi. Hakuna mzazi aliyepigiwa simu. Mwanangu ana miaka mitano. Anajua mama yuko mwaloni, akanifuata, ila hakupita njia ya juu ninayompitisha kila siku. Alikatiza kwenye matete. Mvuvi aliyekuwa anashona nyavu ndiye aliyemkuta ndani ya mtumbwi uliofungwa kwa kamba, unayumba majini, naye ameinama anachota maji kwa kiatu chake. Kiatu cha pili hakijaonekana mpaka leo. Silali vizuri, Ndugu Afisa.

Nilipokwenda shuleni kuuliza, nikajibiwa kwamba wazazi wa mwaloni hatuna ushirikiano, mikutano ikiitwa hatuonekani.

Neno hilo limenichoma. Mikutano inaitwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi inaingia alfajiri, na saa hiyo ya mkutano ndiyo tunawatandaza juani. Ukichelewa wanaanza kuharibika, na mtaji wa mkopo unakwenda nao. Lakini kila mwezi kuna mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na sisi tunakaa nyumbani siku kadhaa bila kazi. Kila mtoto wa huku anajua hesabu hiyo. Mikutano ikiitwa mbalamwezi, saa kumi jioni, hutapata pa kutukalisha.

Wewe unalijua hili, maana tulikwambia. Mwaka jana ulisimama chini ya mwembe wa shule ukaahidi mambo mawili: mikutano itafuata saa zetu, na darasa la awali litakuwa na wazazi wawili wa zamu kila siku. Tulikupigia makofi, tena akina mama tulipiga vigelegele. Tangu siku hiyo mikutano mitatu imeitwa, yote Jumatatu, yote saa tatu asubuhi. Zamu ya wazazi haijaanza hata siku moja. Jumanne ile, kama pangekuwa na mama mmoja tu wa zamu, mwanangu angekaa darasani mpaka nimfuate.

Simlaumu mwalimu. Utaratibu unasema mwalimu mmoja wa awali kwa watoto 25, na yule dada ana zaidi ya mara tatu ya hao, peke yake. Nafikiri tatizo lilianza pale elimu bila ada ilipokuja, Januari 2016. Ilitusaidia sana, na mimi ni mmoja wa walionufaika. Ila tulipoacha kulipa, wengi wetu tuliona shule ni ya serikali, na shule nayo ikazoea kututafuta pale tu inapotaka mchango wa uji au dawati. Hakuna anayetuita kuuliza mtoto anapenda nini, anaogopa nini, nyumbani anaongea lugha gani.

Na hilo la lugha ni kubwa. Watoto wetu wengi wanaingia darasani wakijua Kisukuma au Kijita tu, wanakaa kimya wiki nzima, wanaandikwa kuwa wazito. Mwanangu huyo mzito akiwa na bibi yake anasimulia hadithi ya sungura na fisi mwanzo mpaka mwisho na sauti zote mbili. Bibi huyo yuko nyumbani, ana nafasi, anatamani kuitwa. Fundi mitumbwi wetu ana vipande vya mbao vya kuchezea na kuhesabia, anavichoma moto kila jioni. Vitu hivi havihitaji bajeti. Vinahitaji mtu wa kufungua geti na kusema karibuni.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021. Afisa ustawi alitusomea maeneo yake matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nilishika hilo la mwisho. Mtoto wa miaka mitano kuachiwa atembee peke yake hadi ziwani, tuliweke eneo gani?

Ninaomba asiruhusiwe mtoto yeyote wa awali kutoka getini bila mtu mzima anayejulikana. Simu zetu mnazo, tuliziandika siku ya kuandikisha watoto. Na ninaomba mkutano mmoja tu, mbalamwezi hii inayokuja, saa kumi jioni, chini ya mwembe uleule. Nimeshazunguka nyumba kwa nyumba. Akina mama watakuja, akina baba wa mitumbwini watakuja, bibi atakuja. Tutakuwekea kiti. Tafadhali njoo.

Mama wa mtoto wa awali,
Mwaloni, Mwanza