Mhariri, mkituambia tulale saa nane mnamaanisha saa nane ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Wiki iliyopita ukurasa wenu wa afya ulikuwa na kichwa cha habari kikubwa kabisa, mtu mzima alale saa nane, nikamwonyesha mdogo wangu anayesoma sekondari ili aache ule ukeshaji wake. Akasoma, akacheka, akaniambia kaka mbona mimi nalala saa nane kila siku. Na hadanganyi, saa nane za usiku ndo muda wake wa kuzima simu.

Najua wataalamu wa lugha hawataki kusikia neno "masaa", wanasema saa ni saa tu iwe moja iwe mia, lakini kwenye habari za usingizi naomba mturuhusu tuseme masaa maana vinginevyo nusu ya wasomaji wenu mnawaambia wakalale usiku wa manane. Mimi kwenye barua hii nitasema masaa, atakayekasirika anisamehe.

Sasa nilicheka naye pale ila baadae nikajiuliza, na mimi nalala masaa mangapi? Mtu akiniuliza huwa najibu haraka haraka, saba. Napanda kitandani saa nne na nusu usiku, naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, hesabu ya mtoto wa darasa la pili hiyo. Mke wangu akasema "saba? wewe?" afu akanyamaza, unajua ile nyamaza ya mtu anayejua kitu. Nikachukua daftari nikaliweka chini ya mto, nikasema nitaandika siku 14 bila kujidanganya.

Shida ya kwanza ni kwamba dakika unayopitiwa na usingizi huwezi kuiandika, ungekuwa unaweza kuandika usingekuwa umelala. Kwahiyo asubuhi nikawa naangalia kwenye simu ujumbe wa mwisho niliotuma au kitu cha mwisho nilichofungua. Usiku wa kwanza tu nikaumbuka. Nilipanda kitandani saa nne na nusu kweli, ila saa sita na dakika 22 nilikuwa namjibu mtu kwenye grupu kuhusu mpira, mechi yenyewe iliisha juzi. Saa tisa kasoro nikaamka kwenda chooni, nikachukua simu kuangalia saa ngapi, saa tisa na dakika 20 bado nimeishika. Alamu ikalia saa kumi na moja kamili, nikaisogeza mara tatu, ile nusu saa ya mwisho ni usingizi wa mang'amung'amu tu wa kusubiri kelele ijayo. Ukipiga hesabu vizuri ni kama masaa manne na nusu hivi. Saba yangu ilikuwa saba ya kugusa godoro.

Wiki mbili zilipoisha wastani ulikuwa masaa 5 na dakika 20, na hapo wikendi imenibeba maana nililala mpaka saa nne asubuhi, ambayo nayo ilinitokea puani kwasababu Jumapili usiku sikupata hata lepe, nikajigaragaza mpaka shuka likatoka kwenye godoro.

Ndo maana nasema Mhariri, kabla ya kutuambia tulale mangapi tuambieni kwanza tunahesabu nini. Mwaka 2015 kuna watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu ambao hawakuwa na umeme wala simu za kukesha nazo, Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wakawavalisha vifaa vya mkononi vinavyopima usingizi. Sisi huwa tunafikiri watu wa namna hiyo jua likizama tu wanauchapa mpaka majogoo. Kumbe walikuwa wanalala usingizi wenyewe kwa wastani wa kati ya masaa 5.7 na 7.1, wakati muda wote tangu kupitiwa na usingizi mpaka kuamka asubuhi ulikuwa kati ya 6.9 na 8.5. Umeona hiyo tofauti? Hata mtu asiye na simu usiku unamla zaidi ya saa nzima akiwa macho katikati ya usingizi. Na hiyo namba nane wala si amri, mwaka huohuo 2015 wataalamu wa usingizi Marekani walikubaliana kwamba mtu mzima apate 7 au zaidi kwa usiku. Wanafunzi wa sekondari kama mdogo wangu wao wanatakiwa 8 mpaka 10, hilo nilimsomea kwa sauti, akaniuliza na masomo atasoma nani.

Kuna mtu atasema mimi sita zinanitosha, nimezoea, mbona niko fiti. Na mimi nilikuwa wa kundi hilo. Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2003 wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ambao kiukweli ulinitisha. Watu walipewa masaa 6 tu ya kitandani kila usiku kwa siku 14, kama zangu na daftari langu, na kila siku wanapimwa umakini. Wakawa wanashuka siku hadi siku mpaka mwishoni wanakosea kama mtu aliyekesha usiku mzima. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje wakawa wanasema kausingizi kidogo tu. Yaani kile kichwa kinachotakiwa kukwambia umechoka ndo hichohicho kimechoka, sasa utamuuliza nani? Mimi nilikuja kuamini siku nilipoweka chumvi kwenye chai, nikaionja, nikaongeza tena chumvi nikijua ni sukari haijakolea.

Halafu kuna hii tabia ya kujisifia. Mtu anaandika saa tisa usiku "wenzangu mmelala, sisi tunatafuta" na watu wanampigia makofi. Watampa mfano wa Margaret Thatcher aliyesifika kwa kulala masaa manne huku anaongoza Uingereza. Sawa, ila wewe saa tisa usiku huongozi nchi, unaangalia video za watu wanaosafisha mazulia. (Mimi pia naziangalia, siwezi kubisha.)

Sizungumzii hapa watu wa shifti, walinzi, manesi, madereva wa usiku, wala mama mwenye kichanga, hao kuwaambia walale masaa nane ni kuwatukana. Mtoto mchanga analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku na bado mama yake anatembea kama mzimu, kwasababu anayalala kwa vipande vipande. Hawa ningependa siku moja mtafute daktari awajibu wao peke yao, asiwaambie tena habari za chumba kiwe giza na kimya.

Kwangu mimi kilichosaidia ni vitu vitatu vinne hivi na hakuna hata kimoja nilichonunua zaidi ya saa ya mezani ya alamu. Simu inalala sebuleni kwenye chaji. Siku tano za mwanzo niliisikia inaniita kabisa, nikawa naenda "kunywa maji" sebuleni mara mbili mbili, mke wangu ananiangalia tu. Kahawa nimeikatisha mchana, maana nilikuwa nakunywa saa kumi jioni nikijua mpaka usiku imeshaisha mwilini, kumbe kwa mtu wa kawaida inachukua kama masaa matano ndo ipungue nusu, kwahiyo saa tatu usiku bado una nusu kikombe kinazunguka kwenye damu. Kuamka naamka muda uleule hata Jumapili, hiki ndo kigumu kuliko vyote na sijakizoea. Na usingizi ukigoma sing'ang'anii kitanda, nikiona kama dakika 20 zimepita natoka nakaa kwenye kiti na taa hafifu nasoma kitu cha kuchosha mpaka macho yawe mazito ndo narudi. Mwanzoni niliona ujinga, unatafuta usingizi kwa kutoka kitandani? Lakini ukilala macho kodo kila siku palepale, mwili unazoea kwamba kitandani ni mahali pa kuwaza madeni.

Daftari bado ninalo. Mwezi uliopita wastani umefika masaa 6 na dakika 40, bado saba haijatimia na sitawadanganya. Halafu kuna suala la kukoroma, mke wangu anasema kuna wakati nakoroma afu pumzi inakata kidogo ndo nashtuka na kuanza upya, nimeambiwa hiyo si ya kuchekea, mtu anaweza kulala masaa tisa na akaamka hoi kwa sababu ya hilo tu, kwahiyo wiki ijayo nina miadi na daktari.

Kwahiyo ombi langu Mhariri ni dogo, mkirudia ile habari andikeni "masaa" au andikeni "muda wa saa nane", vyovyote tu, mdogo wangu amekata ile ya kwenu na kuibandika juu ya kitanda chake kama cheti.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa kila Jumamosi