Mkichapisha picha ya ufukwe, chapisheni na kipimo cha maji yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Likizo ya kiangazi inapokaribia, magazeti hujaa orodha za fukwe za kwenda kupumzika na familia. Picha huwa kubwa na za kuvutia: maji ya samawati, mchanga mweupe, hakuna mtu. Maelezo ya chini yake hutaja hoteli na umbali kutoka uwanja wa ndege. Hayataji lile ambalo sisi tunaopima maji ya kuogelea na kulinda waogeleaji huliuliza kabla ya yote: maji yale yalipimwa lini, na yalikutwa na nini.

Macho hayawezi kujibu swali hilo. Maji yanaweza kuwa maangavu hata ukasimama umezama hadi kifuani ukahesabu vidole vya miguu yako, na bado yakawa na bakteria wa kinyesi. Tena maji ya kijani yanaweza kuwa salama kabisa, kwa kuwa rangi ile mara nyingi ni mimea midogo sana inayoelea baharini. Ndiyo maana maabara hutafuta E. coli na enterokoki, bakteria wanaoishi matumboni mwa binadamu na wanyama. Wakikutwa kwa wingi, maji taka au mavi ya wanyama yameingia, na huenda yameingia pamoja na virusi vya kuharisha na vijidudu vinavyoumiza masikio na macho.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inafaa kutumiwa kama rula hata na msafiri anayekwenda kwingine, kwa sababu imeandika namba. Maji ya bahari hupewa daraja la juu kabisa iwapo, kwenye mililita 100, enterokoki hawazidi 100 na E. coli hawazidi 250. Daraja la pili linaruhusu 200 na 500. Chini yake kuna daraja la "yanatosha", kisha "duni". Hesabu hiyo kwa kawaida hukusanya vipimo vya misimu minne, kwa hiyo sampuli moja safi iliyobandikwa mlangoni mwa hoteli si daraja. Kwa familia yenye watoto wadogo, sisi tunashauri madaraja mawili ya juu tu. Mtu mzima anayejitosa dakika chache siku ya jua anaweza kuridhika na "yanatosha". Mtoto anayeshinda majini wiki nzima, huku akiyameza, asipelekwe huko.

Hata daraja la juu lina mipaka yake, na msomaji ataielewa akijua sampuli inavyochukuliwa. Mpimaji huingia majini hadi mahali penye kina cha angalau mita 1, akazamisha chupa iliyotakaswa kiasi cha sentimita 30 chini ya uso wa maji. Chupa hukaa gizani ndani ya kisanduku chenye barafu, kwenye nyuzijoto 4 hivi, na inatakiwa ifike maabara siku hiyohiyo, au isipite saa 24. Kisha bakteria huachwa wakue ndipo wahesabiwe, kazi inayochukua siku moja hadi mbili. Kwa hiyo namba unayoisoma Jumanne inaeleza maji ya Jumapili. Tena chupa ile ilijazwa mahali ambapo maji yanamfika mtu mzima kiunoni, ilhali mtoto wa miaka miwili amekaa pale yanapofika kwenye vifundo vya miguu. Hapo mchanga hutibuka kila hatua na maji hayabadiliki upesi, na mara nyingi idadi ya bakteria huwa kubwa kuliko kule kwenye kina.

Kuna kijito ambacho tungependa kila mzazi ajifunze kukitambua. Hutoka kwenye kalavati au bomba nyuma ya ufukwe, kikakatiza mchanga na kufanya kidimbwi kabla ya kufika baharini. Maji yake ni ya uvuguvugu, hayana mawimbi, yanamfika mtoto magotini. Ukikitazama utadhani kimechimbwa makusudi kwa ajili ya watoto, na ndiko wanakokimbilia na ndoo zao. Mara nyingi hayo ndiyo maji machafu kuliko yote pale ufukweni. Angalia kingo zake: utelezi wa kijani juu ya mawe, mchanga uliogeuka mweusi, harufu ya yai viza ukiuchimbua kwa kisigino. Tandika mkeka wako mbali nacho, na ukiweza uwe upande ule ambao mkondo hauyapeleki maji yake. Kuujua upande huo ni rahisi: tupa kipande cha mwani majini, usubiri dakika tano uone kimeelekea wapi.

Mvua ndiyo inayoharibu mipango mingi. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji huzoa mavi ya mifugo na mbwa, mafuta ya barabarani na takataka, ikavimwaga vyote baharini. Miji ambayo maji ya mvua na maji taka hupita bomba moja huwa na hali mbaya zaidi, kwani bomba likizidiwa hufurika moja kwa moja kwenye mto au baharini. Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu ndiyo mbaya kupita zote, maana inaosha uchafu wa wiki nyingi kwa mkupuo. Subiri saa 48 hadi 72 baada ya mvua kubwa kabla ya kuogelea, hata kama jua limewaka na bahari inang'aa. Jua kwa kweli husaidia, kwa sababu miale yake huua bakteria, ila maji yaliyotibuka na tope huwakinga dhidi ya miale hiyo. Ndiyo sababu ya kusubiri hadi maji yatulie.

Haya mengi yanaweza kuchunguzwa nyumbani kabla ya kulipia chumba. Fungua picha za setilaiti, ufuate pwani kilomita chache kila upande. Tafuta mdomo wa mto, bandari ya boti, mji usio na mtambo wa kusafishia maji taka. Tazama na umbo la ufukwe. Ghuba iliyofungwa kwa rasi mbili au kwa ukuta wa mawe huwa tulivu na hupendeza kwenye picha, lakini maji yake hubadilika taratibu, na uchafu ukiingia hukaa. Ufukwe ulio wazi kwa mawimbi hujisafisha upesi zaidi.

Bendera ya Buluu, alama ya kimataifa inayopewa fukwe zilizotimiza masharti, inafaa kutazamwa. Mpango huo ulianza Ufaransa mwaka 1985, ukaenea Ulaya mwaka 1987, na Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kuingia, mwaka 2001. Hudai maji ya daraja la juu, waokoaji au vifaa vya kuokolea, vyoo, na matokeo ya vipimo yaliyobandikwa ubaoni. Hutolewa kwa msimu mmoja tu, kwa hiyo angalia mwaka ulioandikwa, kwani kibao kilichofifia hakithibitishi chochote. Lakini ni wasimamizi wa ufukwe wanaojiombea wenyewe, na fukwe nyingi safi hazina bendera hiyo kwa sababu hakuna aliyeiomba.

Sasa uzuri, maana nao una haki yake. Mchanga mweupe wa bahari za joto sehemu kubwa ni matumbawe na magamba yaliyosagika; pono, samaki anayeguguna matumbawe, huyasaga kwa meno ya kooni na kuyatoa kama mchanga. Sakafu nyeupe ya namna hiyo chini ya maji maangavu ndiyo inayoleta ile samawati ya kuchekelea, nayo hukolea jua likiwa utosini. Alfajiri ufukwe uleule huonekana wa kijivu. Mchanga mweusi wa volkano unavutia sana, ila mchana unachoma nyayo, kwa hiyo viatu ni lazima.

Kitu kinachowakatisha watu tamaa kuliko vyote ni maji kupwa. Picha hupigwa maji yamejaa. Wewe unafika unakuta mita mamia za mwamba, mwani na vidimbwi. Maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku huchelewa kwa dakika 50 kuliko jana. Ukifika siku ambayo maji yanajaa saa sita mchana, wiki moja baadaye saa hiyohiyo yatakuwa yamepwa. Wakati wa bamvu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huenda mbali zaidi na kurudi juu zaidi. Siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvu moja na jingine, tofauti ni ndogo. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi na jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe. Mediterania haina shida hiyo, kwa sababu sehemu nyingi tofauti haifiki nusu mita. Huko Kanada, kwenye Ghuba ya Fundy, hufika mita 16.

Mteremko nao uangaliwe. Mchanga laini hutengeneza ufukwe wa tambarare, unaofaa watoto. Mchanga wa punje kubwa au changarawe hutengeneza mteremko mkali, ambapo hatua mbili tu maji yako kifuani, na wimbi huvunjika juu ya nchi kavu kwa kishindo kinachoweza kumvunja mtu shingo. Kwenye fukwe za mawimbi kuna pia mkondo unaorudi baharini. Watu wengi huuchagua kama mahali pa kuogelea, kwa sababu unaonekana ni utepe wa maji matulivu, yenye rangi iliyokolea, katikati ya mawimbi yanayovunjika kushoto na kulia. Utulivu ule ni maji yanayotoka, na yanaweza kufika kasi ya mita 2 kwa sekunde. Ukinaswa, usishindane nayo. Elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke nje ya utepe. Ogelea kati ya bendera za nyekundu juu na njano chini, kwa kuwa hapo ndipo mwokoaji anapotazama. Bendera mbili nyekundu maana yake bahari imefungwa. Ya zambarau inaonya kuhusu viumbe wanaodhuru, kama yavuyavu, ambao mara nyingi hufika baada ya upepo kuvuma kutoka baharini siku kadhaa.

Uchafu hutofautiana na vitu vya bahari, na hapa wageni wengi hukosea. Marundo ya majani makavu ya kahawia kwenye fukwe za Mediterania ni nyasi za bahari zinazoitwa Posidonia. Huzuia mchanga usiliwe na mawimbi, na kuwepo kwake ni dalili ya bahari yenye afya. Usimlalamikie mwenye hoteli ili ayazoe. Mwani wa Sargassum unaofurika Karibi tangu mwaka 2011 ni jambo jingine. Ukioza ufukweni hutoa gesi ya harufu kali inayosumbua wenye pumu. Chuo Kikuu cha South Florida hutoa ramani zake zinazotokana na setilaiti, na anayekwenda Karibi azitazame kabla ya kulipa nauli.

Mwisho, umati. Ufilipino ilifunga kisiwa cha Boracay kwa miezi sita mwaka 2018, kuanzia Aprili 26, kwa sababu maji taka yalikuwa yakiingia baharini. Mwaka huohuo Thailand ilifunga Maya Bay ili matumbawe yapone, ikafunguliwa tena Januari 2022. Mahali pote pawili palikuwa maarufu kwa picha. Kule Sardinia, kisiwa cha Italia, ufukwe wa La Pelosa umewekewa kikomo cha wageni 1,500 kwa siku, na taulo ni lazima itandikiwe mkeka chini ili isibebe mchanga. Ukikuta masharti ya namna hiyo, usiyakimbie; weka nafasi mapema. Anayeweza kuchagua tarehe achague wiki za mwisho wa msimu, kwani bahari hupoteza joto polepole. Kaskazini mwa dunia maji huwa ya vuguvugu zaidi Agosti hadi mwanzo wa Septemba, kusini karibu na Februari, na kipindi hicho kikielekea mwisho watu wengi huwa wanarudi makwao.

Ombi letu kwenu ni dogo. Chini ya kila picha ya ufukwe mtakayochapisha kiangazi hiki, ongezeni mistari minne: daraja la maji na mwaka lilipotolewa, umbali hadi mdomo wa mto au bomba la karibu, saa ambazo waokoaji wako kazini, na kama picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa au yamepwa. Ufukwe ambao maji yake hayana kipimo, andikeni "hayajapimwa", kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la ufukwe.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wapimaji wa maji ya kuogelea na waokoaji wa ufukweni