Usiimwage ile sabuni

Morogoro

Somo yangu,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, mvua imekatika na vumbi limeanza. Sauti zako nne nimezisikiliza zote, ya mwisho mara mbili, maana ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja. Nimeona nikuandikie kuliko kujibu kwa sauti, karatasi uibandike hapo unapokorogea.

Usiimwage ile sabuni. Hilo kwanza.

Kama nimekuelewa, ulikoroga slesi na salfoniki, zile malighafi zetu mbili za sabuni ya maji, kama siku zote, ikawa nyepesi. Ukatia chumvi, ikaanza kushika mwiko. Ukaongeza, ikakaza vizuri. Ukaongeza tena kwa sababu yule mteja wako anataka sabuni inayogoma kutoka kwenye chupa, na hapo ndipo ilipolegea. Ukadhani chumvi ni kidogo, ukatia nyingine, jaba zima likapauka kama maji ya kuoshea mchele. Sasa unamtukana aliyekuuzia slesi. Muombe radhi, somo. Slesi haina kosa.

Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia ni wa asili ya mafuta, hautaki hata kuyagusa. Zikiwa chache majini huelea mojamoja, au hupanda juu na kutoa mikia hewani. Zikizidi kiasi fulani hujikusanya zenyewe kuwa madonge madogo mno: mikia yote imejificha ndani, vichwa vimebaki nje. Donge la namna hiyo huitwa misele. Aliyeanza kulisema jambo hili ni James William McBain, alipokuwa Bristol, Uingereza, mwaka 1913.

Chukua zile karatasi wanazofungia karanga, zilizokunjwa kama pia. Mdomo mpana ni kichwa, ncha ni mkia. Zipange nyingi, ncha ndani, midomo nje: utapata mpira. Sasa zikunje upya, midomo uibane iwe myembamba, karibu sawa na ncha. Mpira hautoki tena, kila ukizipanga zinakwenda kwa urefu kama gogo. Kazi ya chumvi ni hiyo ya kubana midomo. Vichwa vya slesi vyote vina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana, kila kimoja kinadai nafasi yake. Ukitia chumvi, sodiamu yenye chaji chanya inavizunguka na kuufifisha ule msukumano. Vichwa vinakubali kukaa karibukaribu, na madonge yanarefuka.

Ipo sabuni moja iliyopimwa sana maabara, jamaa wa karibu wa slesi yako, inaitwa sodiamu dodesili salfeti. Kwenye maji matupu yenye joto la nyuzi 25 inahitaji gramu 2.3 hivi kwa lita ndipo madonge yaanze, na kila donge lina molekuli 60 na kitu. Tia gramu 6 za chumvi kwenye lita hiyo, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Madonge yanaanza hata sabuni ikiwa chini ya nusu gramu, na kila moja linabeba molekuli 80 mpaka 100. Kijiko kimoja cha chai, somo! Wewe ulikuwa unapima kwa kiganja.

Ukiendelea kutia, yale magogo hurefuka mpaka yanakuwa kama tambi zilizoiva, zimesokotana sufuria nzima. Ndiyo maana mwiko unashikwa. Lakini chumvi ikizidi, tambi zinaungana zenyewe kwa zenyewe na kuota matawi, na pale zinapoungana panateleza. Msokotano unapoteza nguvu, uzito unashuka. Zidisha tena, sabuni inaanza kukataa kukaa na maji: inapauka, mwisho inajitenga. Hata wanaopika sabuni ya mche viwandani hutumia tabia hiyo hiyo kwa makusudi, wanamwaga maji ya chumvi ili sabuni ipande juu na gliserini ibaki chini na maji. Kwao ni faida, kwako ni hasara.

Sasa fanya hivi. Chota vikombe viwili kutoka kwenye jaba. Kimoja tia kijiko cha maji ya mvua au ya chupa, ukoroge taratibu. Cha pili tia chumvi kidogo iliyoyeyushwa. Kile cha maji kikikaza, umeshapita kile kiasi cha chumvi kinachokaza kuliko vyote, na unateremka upande wa pili. Nina hakika ndivyo kitakavyokuwa. Dawa yake si kujaza maji jaba zima, utabaki na sabuni isiyo na nguvu. Koroga slesi mpya na maji kwenye ndoo, bila chembe ya chumvi, kisha iingize kwenye jaba kidogokidogo mpaka mwiko ushike.

Jambo jingine, kisima chako. Ulipokuwa hapa tulitumia maji ya Uluguru, baridi na hayana chumvi. Huko Kigamboni ulishaniambia chai yenu ina ladha ya bahari. Maana yake kabla hujafungua pakiti, chumvi imo tayari, pengine na kalsiamu na magnesiamu, ambazo kwenye kazi hii zina nguvu kupita sodiamu. Kipimo cha Morogoro hakiwezi kukufaa. Yeyusha chumvi pembeni, tia kwa kijiko, andika kila kijiko kwenye daftari. Mimi niliwahi kumwaga ndoo nzima kwa uvivu wa kuandika.

Na usipime uzito saa nane mchana chini ya bati. Joto linazifupisha zile tambi, utaona nyepesi, utaongeza chumvi, asubuhi ukute mambo mengine. Iache ilale.

Huyo mteja wako naye ana lake. Anatikisa chupa, anaona nzito, anasema hii ndiyo sabuni. Mafuta ya sahani hayaondolewi na uzito, yanaondolewa na wingi wa slesi na salfoniki. Ningekuwa mimi ningemwoshea sufuria moja mbele yake kwa ile nyepesi. Ila biashara ni yako, na kodi ya fremu unalipa wewe.

Nitumie jibu la vikombe viwili leo usiku, kabla hujagusa kitu kingine. Mama umsalimie, na lile dumu langu la lita tano silidai kwa sasa, litunze mpaka sabuni ishike.

Somo wako