Risala ya kikundi cha uchapaji wa hologramu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni wote mliofika, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wenzangu nasema karibu sana, na kwakweli tumefurahi umekubali kuja, maana wengine tukiwaalika wanauliza kwani hologramu si kile kistika kinachong'aa kwenye kadi ya benki? Ndiyo, nacho ni hologramu, ila kile kinagongwa kwa muhuri kwa wingi, sisi tunachapa kwa leza, nukta baada ya nukta, mpaka unapata picha ambayo ukisogea kushoto unaona shavu la kushoto na ukiinama unaona kilichojificha chini ya kidevu.

Kazi yenyewe iko hivi. Bamba linagawanywa kuwa vipande vidogo vinavyoitwa hogeli, kila kimoja milimita 1 au pungufu, na kila hogeli ni kama kidirisha, imebeba picha nzima ya kile ambacho ungekiona ukichungulia kupitia hapo tu. Sasa piga hesabu, bamba la sentimita 30 kwa 40 lenye hogeli za milimita 1 lina hogeli 120,000, na kama ni la rangi basi leza nyekundu, ya kijani na ya bluu zote lazima zipite, kwahiyo mtu akikuta printa inakesha asishangae.

Mheshimiwa, hapo mbele yako yapo mabamba mawili, yote yana sura ya mtu na nyuma yake ukuta wa mirabamiraba. Naomba uangalie la kwanza, mwenzangu atashusha taa taratibu. Taa ikiwa mbali sura imetulia. Sasa imefika kama mita 1 kutoka kwenye bamba, umeona pua? Imechomoka. Na ule ukuta umesogea karibu, miraba imepungua ukubwa na mistari ya pembeni imeanza kupinda. Kitu kilichotakiwa kikae sentimita 10 nyuma ya bamba sasa kinaonekana kama kwenye 9, na kilichotakiwa kitokeze sentimita 10 mbele kinafika 11 hivi. Hakuna aliyegusa bamba, ni taa tu imesogea!

Sababu ni kwamba wakati wa kuchapa, mwanga wa rejea, yani ule unaokutana na mwanga wenye picha ndani ya filamu iliyo kwenye bamba, unapiga kila hogeli kwa pembe ileile. Filamu inaikumbuka pembe hiyo. Taa ya karibu inatawanya mwanga, hogeli ya juu inapigwa kivingine na ya chini kivingine, basi kila moja inatupa miale yake pembeni kidogo na vitu vyote vinahama, na rangi pia zinahama kwasababu filamu inachagua rangi kulingana na pembe.

Na filamu ikishasafishwa ndo imetoka, huwezi kuinyoosha. Kwahiyo masahihisho yote yanafanyika kabla. Tunaanza kwa kumuuliza mwenye kazi taa yake itafungwa wapi, umbali gani, juu kiasi gani, watu wanaona kama tunawasumbua lakini bila hizo namba hatuwezi kuanza. Programu inafuata njia ya mwale kutoka kwenye taa mpaka kwenye hogeli mpaka kwenye jicho, inaona utapotea kiasi gani, halafu inaipindisha picha ya hogeli hiyo upande wa kinyume kwa kiasi hichohicho. Lenzi ya printa nayo ina ulemavu wake, inapinda mistari na inapinda nyekundu tofauti na bluu, hiyo tunaipima kwa kuchapa miraba na kuipiga picha, kila rangi peke yake. Ndo maana mtu akichungulia kompyuta yetu anakuta sura imekunjamana anadhani faili limeharibika, kumbe hapo ndo imenyooka. Bamba la pili lililo mbele yako limefanyiwa hivyo kwa taa ya mita 1, liangalie pua yake.

Kuna pia suala la filamu kusinyaa ikikauka, ikisinyaa rangi zinaelekea kwenye bluu, hilo ni la kemia zaidi sitalirefusha.

Niongeze jambo moja tu, Dennis Gabor alipobuni holografia mwaka 1947 hakuwa anatafuta picha za kupendeza, alitaka kurekebisha kasoro za lenzi za hadubini ya elektroni, na mwaka 1971 akapewa Nobel ya fizikia. Yani fani yetu yote ilianza kama kazi ya kunyoosha picha.

Mheshimiwa, changamoto tunazo. Ukumbi mmoja tuliopeleka kazi zetu walizitundika chini ya taa ndefu za tyubu, na mwanga wa tyubu unatoka kila upande, kwahiyo picha zikawa ukungu mtupu na wageni wakaondoka wakisema vioo havina kitu. Pili ni mtikisiko. Leza zetu si za mpigo, yani zile zinazowaka na kuzima papo hapo, zile zinamaliza kazi ndani ya nanosekunde makumi tu na hazijali mtu akipita, za kwetu ni za kuwaka mfululizo, na mistari inayoandikwa ndani ya filamu pale mwanga wa rejea unapokutana na mwanga wenye picha ni myembamba kuliko urefu wa wimbi la mwanga, mlango ukibamizwa chumba cha pili hogeli inatoka giza.

Kwahiyo tunaomba mambo matatu. Chumba cha chini kabisa cha jengo, mbali na ngazi. Meza nzito ya kuzuia mtikisiko. Na taa ndogo za LED zifungwe kwa skrubu mahali picha zinapotundikwa, zikishafungwa asizisogeze mtu, hata fundi wa usafi, mpaka atuulize.

Naomba kuwasilisha.